Kamera ndani ya salo

(Mazungumzo na familia za wakimbizi wa ndani, familia zilizowapokea na viongozi wa mitaa, Butembo)



Tumezoea kuongea juu ya mashamba na maji. Leo nimeombwa kugusa jambo linalosemwa kwa sauti ya chini.

Hapa Congo, wakimbizi wa ndani walio wengi hawaishi kambini. Wanaishi katika familia zilizowapokea. Tangu mauaji ya eneo la Beni yalipoanza Oktoba 2014, nyumba nyingi hapa mjini zimebeba familia mbili, hata tatu. Katika nyumba moja niliyotembelea, mwenye nyumba alikuwa ametundika kamera juu ya televisheni. Mama aliyekimbilia pale na watoto 5 aliniambia: «Mwanangu, tangu siku ile sikai tena salo. Ninakula nje.»

Nilimuuliza mwenye nyumba sababu. Kwanza alitaja wezi. Lakini mwizi hupita mlangoni, na kamera ilitazama mkeka wa wageni! Ndipo akafunguka: yeye husafiri kwa biashara, pesa zilipotea mara mbili, na aliogopa kuuliza, kwa sababu kumuuliza mgeni ni kama kumfukuza. Akaiachia kamera iulize. Wengine huiweka kwa ajili ya mtoto mchanga au mzee mgonjwa, hao ninawaelewa.

Lakini tusidanganyane juu ya chombo chenyewe. Umeme ukikatika, kinalala. Na picha zikiisha kuingia katika simu, hata za binti anayebadili nguo, nani atajua zimefika wapi? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi. Haikusema «isipokuwa mkimbizi».

Viongozi, msingoje ugomvi ndipo mwingie. Katika nyumba ile tuliketi watu 4, pamoja na chifu wa avenyu. Mwenye nyumba alikubali kamera igeuzwe itazame mlango. Mama alikasirika, akalia, kisha akasema afadhali angeulizwa tangu mwanzo. Pesa hazijaonekana hadi leo. Mama amerudi kula ndani, ila watoto bado wanapita salo wakikimbia.

Nani kati yetu ana hali kama hiyo nyumbani? Mama pale nyuma, tunakusikiliza.