Makaroni ya Jibini, na Ndugu wa Ng'ambo Wanaoangalia Saa

(Maneno ya mwinjilisti kwenye kikao cha familia, wakati wa maadhimisho ya ushirika wetu, Gatumba)

Wa Uvira mko? Wa Buyenzi? Wa Kigoma nawaona pale dirishani, karibuni sana Gatumba. Wameniomba niseme juu ya chakula cha siku jamaa zinapokutana, na tayari nasikia kicheko kule nyuma kwa mama zetu: mwanaume, tena mwinjilisti, anafundisha makaroni! Chekeni tu. Lakini fungueni Yohana 21. Wanafunzi wamekesha ziwani, asubuhi wanafika ufukweni, wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Nani aliwasha ule moto? Ni Bwana mwenyewe, tena akiwa amekwisha kufufuka. Basi baba anayeona kwamba mbabula inamvunjia heshima, aende akabishane na Yohana, si na mimi.

Sasa nije kwenye jambo. Sisi watu wa mpakani tuna shida ambayo ndugu wa mbali hawaijui. Familia moja, nusu iko hapa, nusu iko Uvira. Na tangu Aprili 2020, Rusizi ilipoingia majumbani mwetu, wengine wako Maramvya na kwingineko. Siku tukisema tukutane, iwe ni mahari, iwe ni kumaliza kilio, iwe ni kumshukuru Mungu kwa mtoto, mnajua inavyokwenda. Saa saba nyama bado ngumu. Saa nane mama wanaanza kusonga bugali, jasho linatoka, mambo ya familia yanasemwa sebuleni bila wao. Saa tisa ndugu wa Uvira wanaanza kuangalia saa, maana mpaka unafungwa jioni. Saa kumi sahani zinatoka, na wao wamesimama, mikoba begani. Wanafungiwa kwenye kibakuli, wanakwenda kula njiani.

Nimeona kaka na dada waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya kiwanja. Wazee wakawaleta pamoja, wakasema mtakula sahani moja leo, yaishe. Chakula kikachelewa. Kaka akaondoka na kibakuli chake. Kile kiwanja mpaka leo kina maneno. Msiniambie kwamba saa ya chakula ni kitu kidogo. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya hilo katika ile sura ya 11, kwa sababu wengine walikula mapema na wengine wakabaki na njaa, akawaambia wangojeane. Na sisi tutangojeanaje kama mmoja yuko jikoni na mwingine yuko kwenye foleni ya mpaka?

Ndiyo maana nimependa hiki chakula. Unakipanga asubuhi, kinajipika chenyewe wakati mnaomba, na kinatoka mara moja kwa watu wote.

Mama, baba, sikieni. Kwa watu 10 au 12: makaroni kilo moja, maziwa lita mbili, jibini nusu kilo, siagi gramu 150, unga wa ngano vijiko vikubwa vinane vya kujaa, vitunguu, chumvi, pilipili manga. Ukipata kungumanga, kwaruza kidogo tu. Jibini nzuri kwetu ni ile ya Masisi, ambayo wengi tunaiita foromaji ya Goma. Ile ya duara, yenye ganda, inavumilia safari, haidai friji kama nyingine. Siku ambazo njia ya Kivu ni mbaya na haifiki, tumia ngumu yoyote utakayopata, lakini usinunue ile laini ya kupaka kwenye mkate, haitakupa ganda juu. Na jibini ya kupelekea ndugu si jambo geni, wapendwa: Yese alimpa Daudi jibini kumi ampelekee akida wa kaka zake vitani, 1 Samweli 17. Akapokelewa na Eliabu kwa hasira, lakini alizipeleka.

Chemsha makaroni kwenye maji mengi yenye chumvi. Zitoe zikiwa bado na ugumu kidogo, dakika mbili au tatu kabla ya ule muda ulioandikwa kwenye pakiti. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Zitaendelea kuiva ndani ya sosi, kwa hiyo ukiziivisha kabisa sasa utapakua uji.

Sosi: yeyusha siagi, kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia unga, koroga dakika moja au mbili, usiuache uwe kahawia. Halafu maziwa, kidogo kidogo, kidogo kidogo! Kila ukimimina, koroga mpaka pale pawe laini, ndipo umimine tena. Mwenye haraka atapata mabonge. Kama maziwa ya ng'ombe yana shaka, na kwa joto letu yanaharibika upesi, chukua ya unga, hayatakuaibisha. Sosi ikishika mwiko, ondoa motoni, tia zaidi ya nusu ya jibini uliyokwaruza, onja chumvi mwishoni kwa sababu jibini ina chumvi yake. Changanya na makaroni. Ionekane majimaji kuliko unavyotaka, maana makaroni zitakunywa. Mama mmoja anatia ndagala wakavu waliokaangwa katikati. Sikatai, ni tamu, ila mgeni uliyemwambia ni makaroni umwonye kwanza.

Usiipange usiku ukailaza bila friji. Hapa si mlimani, maziwa yatachacha. Asubuhi inatosha.

Sasa oveni. Nani hapa ana oveni? Mikono miwili, nimeona. Sisi wengine tuna makaa. Sufuria nzito, paka siagi, mimina, tandaza jibini iliyobaki juu. Funika kwa bati au mfuniko ulio bapa. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, mara mbili au tatu ya yale ya chini. Ukifanya kinyume, chini itaungua na juu itabaki nyeupe kama mgonjwa. Dakika 25 hadi 30. Inua mfuniko kwa koleo, taratibu, majivu yasiingie. Ikiwa kahawia na inachemka pembeni, epua, iache dakika 15 ishikamane, ndipo ukate.

Na mvua ikinyesha, tafadhali, mbabula isiingizwe ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa ya makaa haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Iweke chini ya baraza, upepo upite.

Kazi ya moto naiweka kwa wanaume. Vijana wawili wa zamu, kila jamaa. Wawashe wakati somo linaanza, mama waje wakae, wasikie, waseme neno lao juu ya mahari ya binti yao wenyewe.

Ndugu zetu waliotoka hapa Gatumba baada ya yale ya tarehe 13 Agosti 2004, wakapata hifadhi Marekani, wanakikuta chakula hiki huko kwenye meza za makanisa ya watu weusi. Kina historia. Kuna mtu aliitwa James Hemings, mtumwa wa Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais. Mwaka 1784 Jefferson alimpeleka Paris ajifunze upishi wa Kifaransa. Akarudi akiwa mpishi hodari, akapata uhuru wake mwaka 1796, akafa mwaka 1801. Anakumbukwa kama mmoja wa waliokifanya chakula hiki kijulikane Marekani. Lakini ile meza aliyoipikia haikuwa na kiti chake. Mimi nikisoma habari hiyo nafikiri jikoni kwetu, ambako hakuna mtumwa, na bado kuna mke wa mdogo mtu ambaye kila sherehe anakula mwisho, amechuchumaa, kwenye sufuria.

Basi kugawa. Utamu wote wa chakula hiki uko juu, mnajua hivyo, na nimeona watu wanavyokwangua. Mheshimiwa anapewa lile ganda, mchungaji anapewa ganda, shangazi mjane anapata zile nyeupe za chini. Msikwangue. Chukua kisu, kata vipande vya mraba mpaka chini kabisa, inua kwa mwiko bapa, kila mtu apate juu yake na chini yake. Hesabu watu kabla ya kukata, na uwahesabu walioko njiani. Kipande cha aliyezuiliwa Kavimvira kiwekwe kwenye sahani, kifunikwe, kisiguswe na mtoto wala mchungaji.

Leo sufuria ni nne, ziko nyuma ya jengo, na saa yangu inasema ni sita kasoro dakika kumi. Vijana wa zamu, nifuateni na koleo. Wa Uvira mnawe mikono kwanza.