Punda Akikwama Jumatatu, Usimchape

(Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wenye mikokoteni ya punda, Wadi ya Baba Dogo)



Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kufikisha habari, na ya leo ni hii: punda anayesimama ghafla njiani huenda si mkaidi. Huenda misuli yake imekaza.

Marehemu babu yangu alikuwa na punda wa kuvuta maji. Jumapili moja alimpumzisha na kumjazia pumba. Jumatatu, safari ya kwanza, punda akakwama. Tulimchapa hadi akatembea. Jioni alikojoa mkojo wa rangi ya kahawa. Siku ya tatu akafa. Karo yetu ilitoka kwa punda huyo.

Maradhi haya huwapata zaidi farasi wa mbio ndefu na wa kazi nzito, lakini punda pia huugua. Zamani Ulaya yaliitwa ugonjwa wa Jumatatu asubuhi, kwa sababu mnyama alipumzika Jumapili huku akila nafaka kama siku ya kazi, kisha akafungwa mzigo mzito. Misuli ikiumia, sumu yake huingia kwenye damu na kuharibu figo. Ndiyo maana mkojo hubadilika rangi.

Kuzuia si gharama kubwa. Siku ya mapumziko, punguza pumba na nafaka. Mpe nyasi, na umwache atembeetembee. Asubuhi, mwanzishe polepole na mzigo mwepesi. Mpe maji safi mara kwa mara, hasa jua likiwa kali, na chumvi ya mifugo alambe. Punda mgeni kazini, au aliyetoka kuugua, mwongezee mzigo kidogo kidogo.

Ukiona hatua zimekuwa fupi, anatetemeka, anatoka jasho jingi, na mapaja ya nyuma ni magumu kama ubao, simama hapo hapo. Mfungue kutoka kwenye mkokoteni, mtafutie kivuli, mpe maji, kisha umpigie simu daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Usimlazimishe kutembea hadi nyumbani. Kila hatua inazidisha madhara. Usimdunge dawa ya maumivu uliyojinunulia, kwani nyingine huumiza figo zaidi.

Kumbukeni pia kwamba kumchapa mnyama kikatili au kumbebesha kupita kiasi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Wahenga walisema, punda afe mzigo ufike. Leo nawauliza: akifa, mzigo wa kesho utafikishwa na nani?