Kazi ya Mkuu wa Kiwanda cha Haidrojeni

Leo tufikiri pamoja juu ya mtu ambaye wengi wetu hapa Makole hatujapata kumwona, lakini uamuzi wake waweza kugusa bei ya mfuko wa mbolea unaoupeleka shambani. Mtu huyo ni mkuu wa kiwanda cha haidrojeni.

Haidrojeni ni nini? Ni gesi nyepesi kupita zote, nayo imo ndani ya maji unayokunywa. Ukipitisha umeme katika maji kwa mtambo maalumu, maji hugawanyika, ikapatikana haidrojeni na oksijeni. Sehemu kubwa ya haidrojeni duniani bado hutolewa katika gesi asilia na makaa ya mawe, kazi inayochafua anga. Ile itolewayo katika maji kwa umeme wa jua, wa maporomoko au wa mvuke wa ardhini haina uchafu huo.

Mbolea yaingiaje hapa? Haidrojeni ikiunganishwa na naitrojeni iliyomo hewani, hupatikana amonia, nayo ndiyo mama wa urea na mbolea nyingine. Carl Bosch na wenzake walianza kuitengeneza hivyo kiwandani, huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913.

Haya, tupige hesabu. Tani 1 ya amonia yahitaji haidrojeni kilo 178 hivi. Hizo hutoka katika maji lita 1,600 hivi, yaani mapipa 8 ya lita 200, mbali na maji yanayopotea katika kusafisha. Sisi tunaotegemea visima vya Mzakwe twaweza kudhani kuwa maji ndiyo yatakayotushinda. La! Mzigo mkubwa ni umeme: yuniti 10,000 hivi kwa tani hiyo moja. Kila mwenye mita ya LUKU ajua maana yake.

Basi kazi ya mkuu wa kiwanda si kuijua gesi tu. Ni kuyakutanisha mambo matatu: umeme wa bei nafuu, mnunuzi wa hakika, na safari fupi kutoka mtamboni hadi shambani.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Septemba 2023 walitangaza mpango wa taifa wa haidrojeni, wakaitanguliza mbolea. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ya Talus, chini ya Hiro Iwanaga, ilitangaza mtambo katika shamba la kampuni ya Kenya Nut: tani 1 ya amonia kwa siku, kwa umeme wa jua. Ni mtambo mdogo. Lakini umeme uko shambani, na mnunuzi yuko shambani. Hakuna kungoja meli.

Sisi nasi tuna funzo letu. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza mwaka 1972, lakini malighafi zake nyingi ziliagizwa ng'ambo. Kilifungwa mwaka 1991. Majengo na mitambo havitoshi, ikiwa kila gunia litangoja fedha za kigeni.

Leo tunalo bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Huenda wakaja wakuu wa makampuni na ahadi za haidrojeni. Huhitaji diploma kuwauliza maswali. Umeme mtaununua kwa bei gani? Mnunuzi wenu wa kwanza ni nani, naye amefunga mkataba wa miaka mingapi? Na mkulima wa alizeti wa hapa kwetu atauziwa mfuko kwa shilingi ngapi? Mkuu akilikwepa swali la tatu, msipige makofi bado.

Vikundi vya kusikiliza, jadilianeni: kama mtambo wa namna hiyo ungejengwa Dodoma, ungefaa uwekwe wapi, na nani angekuwa mnunuzi wake wa kwanza? Andikeni majibu yenu katika daftari la kikundi. Kwaherini.