Duka la Vyombo vya Jikoni na Darasa la Mapishi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Dodoma)

Shauri letu ni moja: tukifungua duka la vyombo vya jikoni mtaani, tufungue na darasa la mapishi humo humo.

Mji wetu upo juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 1,100; maji hapa huchemka yapata nyuzi 96, si 100. Ndiyo sababu moja maharage huchelewa kuiva na makaa huteketea. Sufuria ya presha huzuia mvuke, joto likazidi, nayo maharage yakaiva upesi. Lakini wengi huiogopa. Nyumbani kwetu ilikaa kabatini mwaka mzima, maana tuliogopa mlio wake, hata mama mmoja jirani alipotuonyesha kuitoa mvuke na kukisafisha kitundu chake.

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Vyombo vitauzwa vingi, je, vitatumika?

Wengine wasema darasa litakula faida. Twajibu: mtaji huu ni akiba ya mishahara yetu, na mnunuzi asiyejua kutumia chombo hukirudisha, tena huwaonya jirani zake. Afadhali mama ajue kwanza kupika mlenda na maharage yake kwa chombo hicho, ndipo anunue.

Basi twaomba shauri hili lipigiwe kura leo.