Masikio ya Eli



Wapendwa wasikilizaji, tunawasalimu nyote mlioko Kigoma mjini, Ujiji na Mwandiga, pamoja nanyi wa vijiji vya mwambao, ambao huenda mnatusikiliza huku mkianika dagaa. Leo tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie jambo lisilo la kawaida katika kipindi hiki, nalo ni filamu, na hasa muziki wake. Tunaungama mapema kwamba twapenda filamu kuliko inavyompasa padre, na wapo waumini waliokwisha kutuonya.

Ipo filamu iitwayo The African Queen, iliyoongozwa na John Huston na kutolewa mwaka 1951. Watu wa Kigoma wanayo haki ya kuifahamu, kwa maana meli ya Kijerumani inayowindwa ndani yake ilibuniwa kwa mfano wa Graf von Goetzen, ambayo sisi sote tumeijua kwa jina la Liemba. Filamu inaizamisha meli hiyo na kuishia hapo. Ziwa letu lilikuwa na huruma zaidi: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina lake jipya.

Lakini tunalotaka kulisema liko mwanzoni mwa filamu, nako ni kanisani. Ni mwaka 1914, katika misheni ya Kimethodisti ndani ya koloni la Wajerumani. Mchungaji Mwingereza anaimba kwa nguvu zake zote, jasho likimtiririka. Dada yake, aliyeigizwa na Katharine Hepburn, anapiga kinanda huku akikanyaga pedali kwa taabu. Na waumini Waafrika waliojaa humo hawaimbi, bali wanatoa makelele, pasipo tuni wala neno linalotambulika. Kisha honi ya mashua inalia mtoni, vichwa vinageuka, ibada inavurugika. Mtazamaji anatakiwa acheke.

Nasi tulicheka. Ilikuwa jioni katika ukumbi wa parokia, tumeazima deki na mkanda, na vijana wamejaa hadi madirishani. Wao walicheka, nasi tukawapita kwa kicheko. Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa mwalimu wetu wa kwaya, mzee aliyefundisha sauti nne kwa miaka mingi bila kinanda, kwa kipande cha chaki na noti za do-re-mi ubaoni. Aliomba mkanda urudishwe nyuma. Akasikiliza mara ya pili, amefumba macho. Kisha akasema kwa upole, "Padre, hawa si kwamba hawajui kuimba. Wameambiwa waimbe vibaya."

Ukumbi ulinyamaza. Hatukuwa na jibu, maana alikuwa amesema kweli, na sisi tuliozikwa na kubatizwa na kuozwa kwa nyimbo tangu enzi za babu zetu tulipaswa kuijua kweli hiyo kabla yake.

Baadaye tulisoma jinsi filamu ile ilivyotengenezwa. Huston aliwapeleka waigizaji wake wakuu Kongo na Uganda, na Hepburn akaugua sana huko. Lakini Robert Morley, aliyeigiza yule mchungaji, hakukanyaga Afrika. Picha zake zilipigwa Uingereza, kisha zikaunganishwa na za wale waumini. Maana yake ni kwamba mchungaji anahangaika na waimbaji ambao hajapata kuwasikia hata siku moja.

Na Ujiji yetu nayo ilitengenezewa filamu, mwaka 1939, ambamo Spencer Tracy ndiye Stanley anayemtafuta Livingstone. Humo Livingstone anawaongoza watu kuimba wimbo maarufu wa askari wa Kristu. Tuni ya wimbo huo ilitungwa na Arthur Sullivan mwaka 1871, mwaka uleule wa kukutana kwao chini ya mwembe, na Livingstone alikuwa ameondoka Uingereza tangu 1865. Angeijuaje? Hatumlaumu mtengeneza filamu; alitaka watazamaji wake wasikie kitu cha kwao. Ila hakuna aliyewauliza watu wa Ujiji walikuwa wakiimba nini.

Kitabu cha kwanza cha Samweli kinamsimulia Hana aliyesali hekaluni Shilo kwa uchungu, midomo ikitikisika bila sauti. Kuhani Eli, ameketi karibu na mlango, alimdhania kuwa amelewa. Tazameni: Eli hakuwa mpagani, alikuwa kuhani. Masikio yake yalizoea sala za namna moja. Lakini alipoelezwa aligeuza kauli, akamtakia amani, na kwa hilo twampenda mzee yule. Sisi, wapendwa, jioni ile tulikuwa Eli kabla ya kuelezwa, tena mbele ya vijana. Mmoja wao alikuwa ameanza kuona haya kuimba kwa Kiha mbele ya wageni, nasi kwa kicheko chetu tulimthibitishia kwamba haya yake ilikuwa na sababu.

Tulikwenda kumwomba radhi mwalimu. Alitukaribisha, akatupa kiti, akazungumzia mvua.

Wiki kadhaa baadaye, wakati wa Komunyo, kwaya ilianza wimbo tusioutarajia. Ulikuwa wimbo uleule wa kwenye filamu, ingawa si wa kwetu Wakatoliki, umetiwa maneno ya Kiswahili na kupangwa kwa sauti nne. Yule kijana alikuwa katika sauti ya tatu. Katika ubeti wa mwisho honi ya Liemba ililia bandarini. Tuliwatazama waumini wote, kanisa zima. Kichwa kimoja tu kiligeuka, nacho kilikuwa chetu.