Mafunjo ya Ufuoni na Afya ya Nyumba Yako

Leo tuzungumze juu ya mafunjo, ambayo sisi wa kandokando ya ziwa tunayaita togo. Yanaota kwenye kingo za ghuba yetu hapa Asembo Bay, yako mengi Dunga kule Kisumu, na mengi zaidi katika kinamasi cha Yala. Yanahusu nini afya? Sikiliza.

Mvua ikinyesha, maji huteremka yakibeba udongo, mbolea ya shambani na, tusifichane, kinyesi cha watu na mifugo. Yakifika kwenye mafunjo hupunguza mwendo. Udongo hutulia chini, mizizi hunyonya ile mbolea, na vijidudu vingi hufa humo. Mafunjo yakifyekwa, uchafu wote huingia ziwani na kulisha gugumaji, ambalo nalo huwapa makao konokono wa kichocho. Wenzetu wa Kampala walipiga hesabu mwaka 1999. Waliona kwamba kinamasi cha Nakivubo, kinachopokea maji machafu ya jiji, kilifanya kazi ya usafishaji yenye thamani ya dola milioni 1 hadi 1.75 kwa mwaka. Hakuna aliyekilipa mshahara! Hata hivyo, mama, maji ya ziwa bado uyachemshe au uyatie klorini.

Wengi husema kinamasi ndicho kinacholeta malaria. Si hivyo kabisa. Mbu aina ya Anopheles gambiae, msambazaji mkubwa wa malaria kwetu, hupenda vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, kama vile mitaro ya shamba na mashimo ya kuchotea maji ya kumwagilia. Ndani ya mafunjo mazito kuna kivuli. Kule Kabale, Uganda, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba karibu na vinamasi vilivyolimwa joto lilikuwa juu zaidi, na joto likipanda mbu waliongezeka majumbani. Chandarua usikiache. Majaribio yaliyofanywa hapa hapa Asembo miaka ya 1990 yalithibitisha kwamba kinaokoa maisha ya watoto wachanga.

Sasa tuje kwenye sufuria. Wazee wanaikumbuka ngege ya asili, iliyokaribia kwisha ziwani baada ya mbuta kuletwa. Ipo hadi leo katika Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala. Katikati ya mafunjo hewa ya majini ni haba, mbuta hawezi kuvumilia, kwa hiyo samaki wadogo hujificha humo. Kamongo naye hukaa humo, na chakula chake kimojawapo ni konokono.

Najua utaniuliza: na karo ya shule je? Ni kweli, bustani ya sukuma wiki na nyanya ufuoni huleta pesa haraka wakati wa kiangazi. Lakini kumbuka mwaka 2020, ziwa lilipopanda kupita hata kiwango cha 1964. Bustani na nyumba nyingi zilizama. Mkulima aliyekuwa na shamba juu zaidi, na mkanda wa mafunjo chini yake, alikuwa na kinga dhidi ya mawimbi.

Wasuka mikeka na vikapu, msiache kazi yenu. Kateni mabua yaliyokomaa, mkiacha shina la chini na mizizi. Gawanyeni eneo katika sehemu, mkate moja huku nyingine zikipumzika karibu mwaka mzima. Msichome moto. Na mwenye kutaka kulima kwenye kinamasi aanze na kamati ya ufuo, yaani BMU, kisha ofisi ya NEMA, kwa sababu kanuni za mwaka 2009 zinadai kibali. Ni rahisi zaidi kwenda kama kikundi kuliko mtu mmoja mmoja.

Wiki ijayo tutaeleza dalili za kichocho kwa watoto, na mahali pa kupata dawa. Kwaheri kwa sasa.