Kazi ya Wakili wa Mashauri ya Ardhi Kabla ya Kufungua Shauri

Mashauri mengi ya ardhi nchini Tanzania huanguka kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa, tena kwa kasoro ambazo wakili makini angezibaini akiwa bado ofisini. Mteja huja na swali moja, kiwanja ni cha nani. Wakili huanza na mengine.

La kwanza ni nani anayedai. Mtoto anayegombania shamba la marehemu baba yake hawezi kulidai kwa niaba ya mirathi mpaka awepo msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Hapo pana mtego: muda wa kudai ardhi ni miaka 12, na kwa ardhi aliyokuwa nayo marehemu hadi kufa, miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku msimamizi alipoteuliwa. Familia iliyochelewa kufungua mirathi huenda ikakuta mlango umefungwa.

Nyaraka hufuata. Kwa kiwanja chenye hati, upekuzi kwa Msajili wa Hati huonyesha mmiliki aliyesajiliwa na rehani kama ipo. Ardhi ya kijiji ni ngumu zaidi. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti huonekana nzito machoni pa mnunuzi, lakini idhini inayotakiwa ni ya halmashauri ya kijiji, kwa hiyo wakili hutafuta muhtasari wa kikao. Huwatafuta pia majirani wanaopakana na eneo, ambao ushahidi wao mara nyingi una uzito zaidi kuliko wa ndugu wa mdai.

Kisha ni wapi pa kudai. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halina tena uwezo wa kuamua mgogoro. Husuluhisha tu, na wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu humo. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, shauri huenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, ambalo kikomo chake kwa madai ya kurejeshewa ardhi ni thamani ya shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Anayedaiwa akiwa halmashauri ya kijiji, thamani haisaidii kitu: hutolewa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu.

Hati ya madai nayo lazima ilitambulishe eneo. Kuandika “shamba la ekari tano” na jina la kijiji hakutoshi. Hutakiwa namba ya kiwanja, au mipaka na majina ya wanaopakana kila upande. Bila hayo, hata mshindi hupata hukumu isiyokazika, maana dalali wa mahakama hatajua aanzie wapi kumwondoa aliyeshindwa.

Anayeshindwa katika baraza la wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na wakili huomba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa.